Muulize Fundi: Range ya milioni 38 itaishi Tabora?

Barua za mwezi huu zimenishangaza. Nimezoea kuulizwa habari za Fuso zinazochemsha maji na pikipiki za mizigo; safari hii karibu wote mnataka magari ya kifahari ya mtumba. Haya. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana maswali ya wengine wengi yamo ndani yake.

Shikamoo fundi. Nafanya biashara ya asali, nakusanya Sikonge na vijiji vya Uyui, na naishi Ipuli hapa Tabora mjini. Miaka yote nimetumia Hilux kuukuu na sasa mke wangu amesema imetosha. Nina milioni 45. Dalali wa Dar es Salaam amenitumia picha za Range Rover Sport ya mwaka 2008, petroli, V8 ya lita 4.4, nyeusi, namba D, viti vya ngozi. Anasema mwisho milioni 38. Nataka gari la kila siku: watoto shule, mimi dukani, na mara mbili tatu kwa mwezi porini kwenye mizinga. Nichukue? — Mfanyabiashara wa asali, Ipuli

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama watoto nimemsikia, ila Hilux isiuzwe kwanza. Nitarudi huko.

Tuanze na bei, maana ndiyo iliyokuvuta. Sport ilipokuwa mpya ilinunuliwa na watu wasiouliza bei ya taa. Leo gari lenyewe limeshuka, lakini spea zake zimebaki kulekule juu. Aliyenalo Dar es Salaam analijua hilo kuliko wewe na mimi.

Gari lenyewe silibezi. Ukikaa kwenye kile kiti hutamani kushuka. Sport ilianza kuuzwa mwaka 2005, na ukilala chini yake utakuta si ile Range Rover kubwa. Ni ndugu wa damu wa Discovery 3. Injini ya 4.4 ni ya ukoo wa Jaguar, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na mimi naiheshimu. Ukibadilisha oili kwa wakati na usiiache ikachemka, inakwenda mbali. Katika injini zote zilizofungwa kwenye Sport ya miaka ile, pamoja na za dizeli na ile ya supachaja, mimi ningechukua hiyohiyo uliyotumiwa picha. Upande wa injini basi dalali hakukudanganya. Tatizo ni kunywa: vipimo vya kiwandani vyenyewe ni karibu lita 15 kwa kilomita 100, tena kwa dereva mpole. Wewe wa kupeleka watoto shule, kuzima na kuwasha, na AC ya mwezi wa kumi hapa kwetu, weka lita 20. EWURA wakitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, usisome mstari wa Dar, soma wa Tabora.

Kitakachokutoa jasho ni upepo. Gari hili halina springi za chuma. Kila gurudumu limekalia mfuko wa mpira uliojaa hewa, na iko kompresa moja, imefungwa chini ubavuni upande wa kushoto, inayoijaza mifuko hiyo kupitia vali. Mpira ukizeeka unafanya nyufa kwenye mikunjo, hewa inavuja kidogokidogo. Kompresa nayo inalazimika kufanya kazi kila mara, inapata moto, inaungua. Mwenye gari ananunua kompresa mpya, anafunga, anatamba wiki chache, kisha na hiyo inaungua, kwa sababu mfuko unaovuja hakuna aliyeugusa. Nimewasikia watu wakiilaani Land Rover kwa jambo ambalo kopo la maji ya sabuni lingewaonyesha: paka kwenye mfuko na kwenye viungo vya mipira ya hewa, angalia povu linapotokea.

Hapo sijataja vumbi. Barabara ya Sikonge ina lami, lakini mizinga haiko kwenye lami. Kiangazi vumbi linajaa kwenye mikunjo ya mpira na kuusaga. Masika ukiingia mbuga, tope jeusi linaganda kwenye vile vijiti vya sensa za kimo, gari linadhani limeinama na linaanza kujipandisha upande mmoja katikati ya pori. Wapo watakaokwambia ung'oe upepo wote ufunge springi. Inawezekana, seti zake zinauzwa. Lakini ukishafanya hivyo umepoteza kile ulichokinunua, umebaki na gari zito lenye taa za onyo mpaka apatikane mtu wa kuzizima kwa mashine. Kwa hapo afadhali Prado tangu mwanzo.

Giaboksi ni ya ZF, gia sita. Kuna maneno kwamba oili yake haibadilishwi maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu yake, yaani bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na chujio limo humohumo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Muulize muuzaji imebadilishwa lini. Akijibu "hii haibadilishwi", hapohapo shusha bei.

Umeme wake ni mwepesi wa kununa. Betri ikichoka, hata kama bado inawasha gari, dashibodi inajaa maonyo: mara upepo, mara breki ya mkono, mara giaboksi. Badilisha betri kabla hujambadilisha fundi. Na usimruhusu mchomeleaji aguse ekzosi au bampa kabla betri haijafunguliwa. Kompyuta moja ikiungua hapo, utalipa kuliko bei ya hiyo ekzosi.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: nani atalitengeneza hapa? Vijana wengi mjini wana vile vimashine vidogo vya kuchomeka chini ya usukani. Vinasoma injini. Upepo havioni, breki ya mkono ya umeme havioni, kulinganisha kimo havijui. Unahitaji mtu mwenye mashine inayoelewana na Land Rover, na zaidi ya mashine, mtu anayejua kusoma anachoonyeshwa. Kabla hujatuma hata kishika uchumba, mtafute. Akiwa Tabora, nenda uani kwake uone gari la aina hiyo likitengenezwa, si likiota majani. Kama wa karibu yuko Mwanza, basi kila taa ya njano ni safari ya Mwanza, na siku gari limelala chini kabisa utalipandisha juu ya lori. Kipuri utatumiwa kwa basi kutoka Kariakoo, kesho yake kimefika. Fundi hatumwi kwa basi. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na Sport ukiwa Masaki na kuwa nayo ukiwa Ipuli, na ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa Dar, hata awe mkweli namna gani, haukufai.

Kama bado hamu ipo, panda basi uende mwenyewe na fundi. Picha hazina harufu. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa. Kabla ya kuwasha, chukua futi upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Land Rover hizi huamka zenyewe usiku zikajisawazisha kwa kushuka, kwa hiyo zote nne zikiwa zimeshuka kidogo usishtuke. Likiwa limekalia matairi, au upande mmoja umelala, kuna tundu. Washa, lipandishe hadi kimo cha porini, lishushe, lipandishe tena, na hesabu linachukua muda gani. Ivute na kuiachia breki ya mkono ya umeme mara kadhaa. Ikilia kwa sauti ya chuma kusagwa, ndani kumechoka. Pita kwenye matuta taratibu ukiwa umezima redio, usikilize bushi za mikono ya chini mbele. Angalia na rimu: za inchi 20 na tairi nyembamba zinapendeza mjini, porini ni kupasuka. Sport ya 4.4 inaweza kuvaa inchi 18. Ya supachaja ina breki kubwa mbele, haikubali.

Makaratasi nitayapita haraka. Jina kwenye kadi ya gari liwe la mtu unayemlipa, si la shemeji yake aliyeko Afrika Kusini. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya gari. Mkataba mbele ya wakili, kisha TRA ubadilishe jina mara moja, usiliendeshe miezi sita kwa jina la mwingine.

Ukiniuliza ningefanya nini na milioni 45 zako: ningetafuta kwa subira Prado 120, ile iliyotoka kati ya 2002 na 2009, ya petroli lita 2.7. Utaniambia hilo si la kifahari, ni la mkurugenzi wa halmashauri. Basi kama shida ni ngozi na ukimya ndani, iko Land Cruiser Cygnus, ambayo nje ya Japani ndiyo Lexus LX470. Ni Land Cruiser 100 iliyovaa suti. Ina V8 ya 4.7 inayokunywa sawasawa na hiyo Sport, ina mkanda wa taimingi unaotaka kubadilishwa kwa hesabu, na ina mfumo wake wa kupanda na kushuka wa mafuta na gesi ambao nao huchoka. Lakini injini, giaboksi na difu zake fundi yeyote aliyekulia kwenye Land Cruiser za mashirika ya Kigoma na Tabora anazijua akiwa amefumba macho.

Na ukiamua Range ni Range, usimpe mtu 38 ukabaki na saba. Piga bei mpaka 30, au tafuta jingine. Hizo 15 ziweke mahali, ziwe za gari, usizinunulie asali. Hilux ibaki uani. Siku Sport imelala chini ikisubiri mfuko kutoka Dar, watoto watafika shule na wewe utafika Sikonge.

Fundi, nina Mercedes ML350 ya 2006, nimeinunua kwa binamu yangu. Asubuhi naikuta imelala mbele kushoto, nikiwasha inapanda. Fundi wangu anasema ninunue kompresa. — Mama wa Kanyenye

Mama, pole. Usinunue kompresa. Ingekuwa ndiyo mbovu, gari lisingepanda ulipowasha. Kinachovuja ni mfuko wa mbele kushoto au kiungo cha mpira wake wa hewa. Maji ya sabuni, kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu. Funga mfuko kwanza, haraka, kabla kompresa haijafa kweli, maana kila asubuhi inayoinua kona hiyo inapunguza siku zake. Na ukifunga, badilisha relei ya kompresa pamoja. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, kikiganda kinaiacha kompresa ikizunguka mpaka iungue.

Kuna jambo la pili ambalo binamu huenda hakulijua. Injini za V6 za Mercedes aina ya M272 za miaka ya mwanzo, mpaka kufika karibu 2007, zilikuwa na gia ya shafti ya kusawazisha iliyolika mapema. Ikilika, cheni inapoteza taimingi, taa ya injini inawaka, na kuitengeneza ni kushusha injini nzima. Taa hiyo ikiwaka, usikubali kubadilishiwa sensa tu ukarudishwa nyumbani. Uliza kwanza mashine imesoma nini kuhusu taimingi ya shafti.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu Urambo. Nataka Harrier tako la nyani, naambiwa ni Lexus. Nichukue 2.4 au 3.5? — Mwalimu

Marahaba, mwalimu. Umeambiwa kweli. Harrier iliyotoka 2003 hadi 2013 ni pacha wa Lexus RX iliyouzwa ng'ambo. Ile mpya iliyofuata, kuanzia mwishoni mwa 2013, si Lexus tena. Imejengwa juu ya mifupa ya RAV4, hata muuzaji akuapie.

Kwa mshahara wa serikali na barabara ya Urambo hadi Tabora, chukua 2.4. Injini yake ina tabia mbili. Ikizeeka inakunywa oili bila kuvuja popote, kwa hiyo vuta kijiti kila Jumamosi, usingoje taa. Pili, haitaki kabisa kuchemka. Ikichemka sana, nyuzi za bolti za silinda hedi zinaachia kwenye bloku, na hapo kukaza peke yake hakusaidii. Rejeta, feni na kifuniko cha rejeta viwe vizima kabla ya redio na taa za mapambo.

Ile ya 3.5 ni injini tamu, yenye nguvu na ya kudumu, ila za mwanzo zilikuwa na bomba la oili la VVT-i (mfumo unaorekebisha taimingi ya vali) lenye kipande cha mpira. Likipasuka, oili yote inamwagika ndani ya dakika chache na injini imekwisha. Lipo bomba la chuma tupu la kubadilishia. Aliyekwisha kulibadilisha anauza gari zuri. Asiyejua unazungumzia nini, libadilishe wewe siku ileile ya kununua.

Na zile zenye AIRS, yaani Harrier ya upepo, ziache. Ukitaka kujua sababu, rudi juu usome habari za Ipuli.

Fundi, niko Mwandiga, Kigoma, kazi yangu iko Ujiji. Shemeji yangu aliyeko Uingereza anataka kunitumia Discovery 4 ya dizeli, lita 3.0, bei nzuri mno. — Msomaji wa Mwandiga

Mshukuru shemeji, kisha muombe kitu kingine. Dizeli hiyo ina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa limepata moto na linakwenda mwendo mrefu bila kusimama. Mwandiga hadi Ujiji injini haijapata joto umeshafika. Chujio linaziba, gari linajaribu kulisafisha kwa kuongeza dizeli, dizeli inateremka kwenye oili. Ukivuta kijiti ukakuta oili imeongezeka badala ya kupungua, usifurahi. Hiyo imechanganyika na dizeli. Mafuta nayo: dizeli ya Ulaya ina kikomo cha sehemu 10 za salfa kwa milioni, kiwango chetu cha Afrika Mashariki kwa miaka mingi kiliruhusu hadi 50. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya hiyo ya kwanza.

Injini hizo za V6 za dizeli zina na sifa mbaya ya kukata kirenkishafti, mara nyingi bila dalili. Kiwanda kiliruhusu oili ikae zaidi ya kilomita 24,000. Kwa hapa kwetu usifike hata nusu ya hapo. Turbo ikifa, mafundi wengi wa huko Ulaya huinua bodi nzima kutoka kwenye chesesi ili waifikie. Jiulize hapo Kigoma bodi hiyo itainuliwa wapi na nani.

Halafu kuna kutu. Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Shemeji alale chini ya gari apige picha mabomba ya breki na chesesi nyuma, si dashibodi.

Lexus RX ya 2007 yenye kilomita 68,000, inawezekana? — Kijana, Cheyo

Inawezekana, sijasema ndiyo. Kama ni RX halisi iliyouzwa ng'ambo, muombe muuzaji karatasi za ukaguzi za nchi ilikotoka; kama ni Harrier yenye nembo ya Lexus, muombe cheti cha Japani cha kusafirisha gari. Kwa kawaida kina kilomita zilizoandikwa gari lilipokaguliwa huko. Linganisha na dashibodi. Kisha angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvirudisha nyuma: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa kulia, ukingo wa kiti cha dereva mahali paja linaposugua anaposhuka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, usome tarehe kwenye kitambaa kilichoshonwa huko ndani. Ikiwa ya miaka mingi baada ya gari kutengenezwa, mkanda umebadilishwa, na mikanda mara nyingi hubadilishwa baada ya ajali. Muulize ajali hiyo ilikuwa ya mbele au ya nyuma, kisha nyamaza umwache aongee.